Birika Lililonyamaza

Soko la Southall, London, siku ya Jumamosi halina pa kuweka mguu. Sari zimetundikwa milangoni zinakupiga usoni, jalebi zinachuruzika mafuta barabarani, na kila muuzaji anapaza sauti utadhani wateja wote ni viziwi. Katikati ya fujo hiyo, mbele ya meza ya Mama Pushpa ya vitu vya mitumba, mwanamke mmoja alikuwa ameinama, sikio ameligandisha kwenye birika jeusi la chuma, anasikiliza.

Alikuwa mwanamke wa kutazamwa mara mbili. Koti la rangi ya haradali, kilemba cha kitenge cha bluu kilichosimama wima kama kinamdai mtu heshima, na buti za kamba mpaka magotini. Jina lake Beatha, mzaliwa wa Bukoba, mkazi wa Thamesmead, miaka thelathini na minane. Kazi yake kutunza wazee katika nyumba moja karibu na Abbey Wood. Akagonga ubavu wa birika kwa ukucha, akasikiliza tena, akatabasamu peke yake.

"Mama Pushpa," ikasema sauti ya kiume nyuma yake, kwa Kiswahili, "mwambie huyo dada asijisumbue. Birika limeoza hilo. Kama ni chai, mimi nitamnunulia."

Mama Pushpa alizaliwa Nakuru, akaletwa Uingereza akiwa msichana, na Kiswahili chake hajakivua tangu siku hiyo, kama asivyovua bangili zake. Alicheka tu, maana alijua jambo ambalo mwanaume yule hakulijua.

Beatha akainuka taratibu, akageuka.

"Huyo dada amesikia," akasema. "Na chai anajinunulia mwenyewe."

Mwanaume akakosa pa kuuweka uso wake. Alikuwa mrefu, ovaroli ya bluu, spana mfukoni, na alama ya masizi shavuni ambayo hakuwa na habari nayo.

"Samahani, dada yangu. Nilidhani Mnaijeria."

"Kwani Mnaijeria ndiye asemwe?"

"Hapana, jamani! Naitwa Lusajo. Mimi ni fundi wa boila, mabomba na mabirika ndiyo maisha yangu. Chungulia ndani hapo uone. Chokaa tupu! Maji ya London yameshalila."

"Hii kijana hapana kwisha maneno yake," Mama Pushpa akasema. "Anakaa nyumba yangu juu, kila siku anapigana na chokaa. Hata ndoto yake chokaa."

"Fundi wa boila," Beatha akamwambia, macho yakicheka lakini mdomo umekaza. "Kitendawili!"

"Tega!" Lusajo akajibu kabla hajafikiri. Mdomo wa utoto huo, haumsubiri mwenyewe.

"Ana tumbo la chuma, hana utumbo. Ukimchoma moto halii, anaimba."

Lusajo akakuna kichwa. "Treni?"

"Treni ukiichoma moto watakufunga. Nipe mji."

"Nakupa Tukuyu. Ndiko kwetu."

"Tukuyu nimeupokea, na mvua zake. Jibu ni birika hili."

"Tangu lini birika likaimba?"

"Siri yake haisemwi sokoni," Beatha akasema, akalikumbatia birika lake na kuondoka nalo. Lusajo akamfuata mpaka stesheni akiwa na masizi yake shavuni. Hapo mlangoni ndipo Beatha alipotoa leso, akamfuta. Na hapo ndipo penzi lilipoanza.

*

Basi, simu zikawa asubuhi, simu mchana, simu ndani ya basi.

"Umekula, mama?" Lusajo humuuliza.

"Nimekula. Wewe umekula nini?"

"Mimi nimekula maneno ya mteja mmoja wa Rayners Lane. Boila lake limekufa, ananilaumu mimi kama nililiroga."

"Pole, kipenzi. Kitendawili!"

"Jamani, Beatha, hata sijakaa chini!"

Kila siku alimtega, na kila siku Lusajo alishindwa, akatoa mji. Alipomaliza miji ya Mbeya yote akaingia kwenye stesheni za London. "Nakupa Woolwich." "Nakupa Paddington, na wageni wote waliomo." Beatha hakuwahi kutoa hata kijiji. Alikuwa hashindwi, na alipenda ijulikane hivyo.

Mwezi wa tatu akamkaribisha kwake. Flati ya ghorofa ya tatu, ndogo, safi, yanukia ndizi na karafuu. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa rafu: mabakuli ya udongo yenye rangi ya moshi, sahani za bluu, kikombe cha mbao kilichopakwa utomvu mwekundu mpaka kinang'aa kama maji, kifungo kidogo cha mbao chenye umbo la panya anayejikuna. Kando ya vingi palikuwa na kisanduku chake, kimeandikwa kifunikoni kwa wino wa brashi.

"Hivi vyote vya Kijapani?"

"Vyote. Na kila kimoja nina habari zake."

Akamsimulia. Miaka minne nyuma aliletewa kazini mzee mmoja wa Kijapani, Bibi Chizuru, ambaye alikuwa amegoma kula. Beatha akamkuta anahangaika kufungua furushi lililofungwa kwa kitambaa, mafundo pembe kwa pembe, vilevile bibi yake Beatha alivyofunga ugoro kwenye pindo la kanga. Akalifungua fundo bila kuuliza. Bibi Chizuru akamtazama kama mtu aliyeona ndugu. Ndani palikuwa na bakuli. Siku hiyo akala, kwa bakuli hilo, na kuanzia hapo akawa mwalimu. Alimfundisha kwamba kule kwao mkusanyaji hajiiti mwenye kitu, ni mtunzaji wa zamu tu. Jina la mtunzaji huandikwa kwenye kisanduku, chini ya jina la aliyetangulia, na kitu bila kisanduku ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa.

"Na birika letu?" Lusajo akauliza. "Kisanduku chake kiko wapi?"

"Limetoka Japani, likapotea ugenini bila cheti," Beatha akasema. "Kama wengine ninaowajua."

Akaliteleka. Lilipokaribia kuchemka, likaanza. Kwanza mtetemo mdogo, kisha mlio mrefu, laini, unaopanda na kushuka kama upepo unaopita mbali. Lusajo akaacha kutafuna.

"Haki ya Mungu linaimba! Niambie linafanyaje."

"Siku ukinioa nitakwambia."

Chai ikanywewa, na mikono ikakutana mezani. Mengine si ya kusimulia.

*

Lusajo alilelewa na dada yake mkubwa, Angel, nesi, mama wa maombi, mwanamke ambaye hata kofia yake ya kanisani inaingia mlangoni kabla yake. Bila ya Angel hapakuwa na barua ya posa. Akaja Thamesmead na Lusajo Jumapili moja baada ya ibada, kitenge cha dhahabu, mabega yamesimama kama mbawa. Alikula vizuri. Kisha akaitazama rafu.

"Hivi ni vya nani, Beatha?"

"Vyangu, dada."

"Vya watu waliokufa."

"Hata jumba hili limejengwa na watu waliokufa, dada, na kodi tunalipa."

Angel hakucheka. "Wenzio wananunua kiwanja Kibaha. Mwafrika na makopo ya Kijapani, wapi na wapi?"

"Na Mzungu na vinyago vya Wamakonde, wapi na wapi?" Beatha akamuuliza, kwa sauti ya adabu kabisa. "Mbona yeye anaitwa mtaalamu? Mimi nikipenda kitu cha mbali naitwa nimerogwa."

"Mdogo wangu haingii kwenye nyumba ya mizimu ya watu. Hivi vitoke kwanza, barua itafuata."

Wote wawili wakamgeukia Lusajo. Lusajo alikuwa anatazama chai yake kana kwamba imeandikwa kitu. Akaitazama. Akaendelea kuitazama.

Beatha akainuka, akatoa vyombo.

"Basi barua ikae huko huko kwenu," akasema.

Lusajo aliumwa na ukimya wake mwenyewe siku mbili nzima. Jumanne akapita kwa Beatha, kwa ufunguo aliopewa, kutengeneza rejeta ya kupasha nyumba joto, mwenyewe yuko kazini. Akaliona birika jikoni, limeshika utando mweupe ndani, na moyo ukampa wazo. Kwao Tukuyu mwanamke akipendwa husuguliwa masufuria yake mpaka ajione uso. Na yeye, ni nani London hii anayemshinda kuondoa chokaa? Akalitia begini, akapiga simu.

"Mpenzi, usishtuke, birika ninalo mimi. Nina zawadi yako."

"Zawadi gani tena, Lusajo?"

"Leo ni zamu yangu kukaa na siri."

Alhamisi akalileta limefungwa kwa karatasi ya maua. Beatha akafungua. Ndani liling'aa kama shilingi mpya. Akatia maji, akateleka, akasimama mbele ya jiko amekunja mikono. Maji yakachemka, mvuke ukatoka, kifuniko kikacheza. Sauti hakuna.

"Palikuwa na vipande vitatu vya chuma chini humu," Beatha akasema bila kugeuka. "Vidogo kama punje za mahindi."

"Yale madonge?" Lusajo akasema kwa fahari. "Ee, yalinitesa! Nimeyakwangua kwa bisibisi, yalikuwa yameng'ang'ania kweli kweli!"

"Fundi aliyeyabandika ndiye alitaka yang'ang'anie. Ndiyo yalikuwa yanaimba."

Lusajo akachungulia birikani. "Beatha. Sikujua."

"Dada yako amesema vitoke. Ukaona uanze na kinachoimba."

"Mimi? Haki ya Mungu nilitaka kukufurahisha! Hunijui?"

"Nilikuwa nakujua mpaka Jumapili. Jumapili ulinyamaza, leo umelinyamazisha na birika." Akamwaga maji, akalifuta, akamwekea mikononi likiwa bado la moto. "Nenda nalo. Mpelekee dada yako, aone lilivyo safi."

*

Simu ikaita wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Beatha aliiacha iite. Wanawake wa Thamesmead wakamjia wakiwa na sauti za msibani. Mwaya Beatha, vyombo ni vyombo tu. Mwaya Beatha, umri nao. Aliwakaribisha, akawapa chai kwenye mabakuli yaleyale ya Kijapani, na walipoondoka alichukua drili akaongeza rafu nyingine. Si kwamba hakulia. Alilia, tena kwa kwikwi, lakini drili aliishika sawasawa na rafu ilikaa bila kupinda.

Kisha akaenda kwa meneja wake akaomba sebule ya wazee kwa Jumamosi moja, alasiri. Alitaka kumkumbuka Bibi Chizuru, aliyefariki miaka miwili nyuma bila ndugu hapa mjini. Angeleta mkusanyo wake wote, aupange mezani, aseme habari ya kila kitu kwa mdomo wake, na anayetaka kushangaa aje kushangaa mbele yake.

Wiki ya saba alikuwa ndani ya treni, ameshika shikio, simu ikaita, akapokea akidhani ni kazini.

"Usikate," Lusajo akasema. "Kitendawili tu."

"Tega," ukasema mdomo wake, kabla hajauziba.

"Nikianikwa juani nabaki mbichi. Nikifungiwa penye unyevu nakauka."

Treni iliingia Woolwich, ikatoa watu, ikapakia watu. Beatha hakusogea. Alilijua jibu. Ni utomvu wa mti ambao Wajapani hutumia kupaka vyombo na kugundishia vilivyobanduka. Joto la jua haliufanyi kitu, huwekwa kwenye kabati lenye unyevu ukakauka polepole, wiki kwa wiki. Jambo hilo halisemwi sokoni wala kwenye boila. Mtu haambiwi mpaka akae na fundi.

"Nani kakufundisha hilo?"

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Mimi simpi mtu mji. Ni utomvu. Nani kakufundisha?"

Akamweleza, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kesho yake asubuhi, baada ya kurudishiwa birika, alifungua bomba zima chini ya sinki la Mama Pushpa, alikolisugulia, akapata vipande viwili kwenye kona. Cha tatu kilikwenda na maji. Akatafuta mpaka akampata mzee Douglas, fundi wa vyuma vya kale huko Deptford, aliyejifunza Japani ujanani. Mzee akakataa kazi. Akasema hatengenezi kitu kwa mtu asiyejua alichovunja. Basi Lusajo amekwenda kwake kila Jumamosi, anafagia, anachanganya utomvu, mikono imemvimba kwa mwasho.

"Na cha tatu?"

"Mama Pushpa ametoa tawa lake la chapati, lile la Nakuru. Tumelikata ukingoni. Amesema lilikuwa linakusubiri wewe."

Beatha akafumba macho. "Lusajo. Jumapili ile kwa nini ulinyamaza?"

"Dada Angel alinibeba mgongoni mama yetu alipofariki. Sijawahi kumjibu hata neno. Si sababu nzuri. Ila ndiyo niliyo nayo."

"Na mimi nilikuficha habari ya vile vipande," Beatha akasema. "Nilitaka nikuone unashindwa kila siku. Hilo langu, nimelikubali. Lakini lako halimaliziki kwenye simu. Jumamosi ijayo njoo kazini kwangu saa tisa. Uje na dada yako. Ulichonyamazia sebuleni kwangu, ukakisemee mbele za watu. La sivyo, birika mwachie Douglas."

*

Sebule ilijaa. Wazee kwenye viti vyao, blanketi magotini, ndugu zao, manesi, na Mama Pushpa mstari wa mbele kwa sari ya zambarau. Beatha alivaa gauni jeusi refu na kilemba chekundu, amesimama nyuma ya vitu vyake kama askari nyuma ya ngome. Alieleza bakuli, akaeleza panya, akaeleza visanduku. Mzee mmoja wa Kiingereza akauliza mtu wa Afrika kapata wapi ujuzi huu. "Hapo ulipokaa, mzee," Beatha akamjibu. "Mwalimu wangu alikuwa akikalia kiti hicho hicho." Watu wakacheka, mzee mwenyewe zaidi.

Saa tisa na dakika kumi mlango ukafunguka. Kofia ya Angel ikaingia kwanza, Angel nyuma yake, na Lusajo kwa suti ya kijivu, amebeba kisanduku cha mbao nyeupe. Mikono yake ilikuwa na madoa ya mwasho mpaka kwenye viwiko.

"Bado vipo tu?" Angel akasema, akiangalia meza. Hakupunguza sauti.

Lusajo akaweka kisanduku chini. Akamgeukia dada yake.

"Dada," akasema, "umenibeba, umenisomesha, na nitakuheshimu mpaka nizikwe. Lakini vitu hivi havitoki. Hapa mgeni ni mimi. Beatha akinikubali nitaingia, nitavikuta, nami nitavipangusa vumbi. Ukiniletea barua nitashukuru. Usipoileta, nitaiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mbaya."

Miaka arobaini na moja, tangu Lusajo azaliwe, Angel hajajibiwa. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

Beatha alitoa birika kisandukuni, akachungulia ndani: vipande vitatu, viwili vya zamani, kimoja kipya. Akatia maji, akawasha jiko dogo. Wote wakasubiri, hata wale wasiojua wanasubiri nini. Mtetemo ukaja. Kisha sauti. Haikuwa ileile. Ilikuwa nzito zaidi, ina mkwaruzo chini yake, tawa la Nakuru likiitikia chuma cha Japani. Lakini iliimba.

Angel akainamisha kichwa upande. Mabega yake yakashuka.

"Jamani," akasema polepole. "Si kama upepo wa jioni kwenye misonobari ya kule Rungwe, Lusajo? Tulipokuwa tunaokota kuni?"

Beatha akashika ukingo wa meza. "Wajapani wanasema hivyohivyo, dada. Upepo kwenye misonobari. Bibi Chizuru aliniambia, na mimi sijamwambia mtu."

Angel akatoa leso kwenye mkoba, akajifanya anafuta kofia.

"Kitendawili," Lusajo akasema.

"Tega," Beatha akajibu.

Lusajo akageuza kifuniko cha kisanduku. Alikichonga mwenyewe, kona moja haikukutana vizuri. Mwandiko haukuwepo. Palikuwa na mistari miwili tu ya penseli, mmoja juu, mmoja chini.

"Nina kisanduku, kinasubiri majina mawili ya watunzaji. La fundi wa boila lipo tayari, lakini halikubali kuandikwa kwanza. Linasubiri nani?"

Beatha alikitazama kisanduku, akaitazama mikono ile yenye mwasho, akamtazama Lusajo mwenyewe kuanzia viatu mpaka macho.

"Nimeshindwa," akasema.

Mama Pushpa akapiga makofi mara moja, bangili zikalia.

"Umeshindwa?" Lusajo hakuamini masikio yake. "Wewe? Basi... nipe mji."

"Nakupa Thamesmead. Ghorofa ya tatu, na rafu zake zote mbili."

"Ah, jamani!" Angel akaruka kitini, hakuweza kuvumilia. "Ameshindwaje? Jibu si ni yeye mwenyewe! Hata mimi nimelijua!"

"Na mimi nimelijua, wifi," Beatha akamwambia, akachukua kalamu, akaandika jina lake kwenye mstari wa juu. "Njoo unywe chai."